Usiku Tuliogombana na Hita

Mwenzenu nilidhani nakwenda kula raha Grand Canyon. Saa mbili usiku nikajikuta nimevaa makoti mawili ndani ya gari la kukodi, natetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa, na mume wangu kasimama mbele ya jiko la gesi ameshika kiberiti.

Ngoja nianze mwanzo.

Desemba 2023 tulikwenda Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, kwenye mahafali ya binti wa dada yangu. Dada anaishi kule miaka mingi, ni muuguzi. Mimi kazi yangu iko Dar es Salaam, mume wangu alikuwa Mwanza. Kwa miaka miwili ndoa yetu ilikuwa ya simu na tiketi za ndege za mwisho wa mwezi. Tukikutana tunaongea ada za watoto, fundi wa bomba na nani alipe nini. Hatugombani, lakini hatuongei pia. Walio kwenye ndoa wananielewa.

Dada hakusema kitu, ila dada ni dada, anaona. Siku ya pili baada ya mahafali akaweka karatasi ya kukodi gari mezani. "Watoto niachieni mimi mama yao mkubwa. Nyie nendeni mkalale huko siku tatu. Mkirudi hamsemeshani, shauri yenu."

Nyumba yenye usukani

Gari lenyewe, jamani, si gari, ni nyumba. Wamarekani wanaliita kwa herufi mbili tu, RV. Mbele ni kama lori dogo, nyuma kuna kitanda, meza, friji, choo na jiko la gesi la plate tatu. Lina tangi la gesi ya propeni, na lina betri za aina mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine za nyumba, yaani za taa, pampu ya maji na feni ya hita. Kijana wa kampuni alituonyesha yote hayo kwa dakika kumi, anaongea kama redio ya mpira. Sisi tunaitikia tu "yes, yes". Aibu ya kuuliza imewaponza wengi, na sisi tukawemo.

Kutoka Phoenix hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon ni kama kilomita 370. Unaanzia jangwani, kwenye saguaro, yale madungusi marefu yenye mikono kama askari wa barabarani. Halafu barabara inapanda, inapanda tena. Saguaro zinaisha, vinakuja vichaka, kisha ukikaribia mji wa Flagstaff unaingia kwenye msitu wa misonobari na theluji pembeni ya lami. Phoenix tuliondoka na fulana. Tulipofika ukingoni tulikuwa mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kama umewahi kulala Makete mwezi wa Julai, asubuhi ukaona sakitu imelala juu ya majani, basi chukua baridi hiyo uizidishe.

Bonde lenyewe sitaweza kukueleza likaeleweka. Nitakupa namba tu: urefu kilomita 446, karibu sawa na kutoka Dar hadi Dodoma kwa barabara. Upana unafika kilomita 29, na kina kama kilomita moja na nusu ushee. Chini kabisa unapita Mto Colorado, ambao ndio uliochonga shimo lote hilo kwa mamilioni ya miaka. Tulisimama Mather Point jua linazama, miamba inageuka kutoka nyekundu kwenda zambarau. Watu wote kimya. Mume wangu akanishika mkono. Nikasema moyoni, dada ana akili.

Raha hiyo ilidumu saa tatu.

Hita inasusa

Kambi yetu, Mather Campground, iko ndani ya msitu na haina sehemu ya kuchomeka umeme. Unaishi na ulichonacho kwenye betri zako. Sisi hilo tulilisikia bila kulielewa. Tangu tulipofika, baba watoto alikuwa amewasha televisheni anaangalia marudio ya mechi, simu mbili na laptop ziko kwenye chaji, taa zote zinawaka kama harusini.

Saa mbili kasoro baridi ikaingia kweli kweli. Nikaenda kwenye thamostati ukutani, nikatafuta nyuzi 20. Haipo! Namba zinaanzia 40 kwenda juu. Ikabidi nicheke: Wamarekani wanatumia Farenhaiti, kwa hiyo 20 yetu ni 68 yao. Nikaweka 68. Feni ikaanza kuzunguka chini ya kabati, upepo ukatoka. Wa baridi. Tukasubiri. Bado wa baridi. Baada ya muda feni ikajizima yenyewe.

Nikajaribu tena, yale yale. Tukapiga simu ya dharura ya kampuni. Ikaita mpaka ikachoka.

"Mama, gesi imekwisha," akasema mume wangu.

"Nani kasema? Si nimepika wali hapa saa moja iliyopita?" Nikawasha jiko, moto wa bluu ukatoka safi.

"Basi ile hita mbovu. Ungenisikiliza tukalala hotelini, tusingekuwa hapa."

"Na wewe ungezima hiyo tivii ukamsikiliza yule kijana, tungejua la kufanya."

Unajua zile maneno mbili tatu zinazotoka zikiwa na mambo ya miaka miwili ndani yake? Ndiyo hizo. Akanuna, nikanuna. Halafu akachukua kiberiti. "Nawasha plate zote tatu, nafunga madirisha, dakika kumi humu patakuwa Mwanza."

Hapo nikaruka kutoka kwenye blanketi kama nimeumwa na nge.

Jiko la mkaa la mama mdogo

Nilikuwa na miaka kumi na moja, likizo ya Juni, kwa mama mdogo huko Nyanda za Juu Kusini. Usiku mmoja aliingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto tusipate baridi, akafunga mlango na dirisha. Mimi nilikwenda kulala kwa bibi kwa sababu tu niligombana na binamu yangu kuhusu blanketi. Asubuhi mlango haukufunguliwa. Walipouvunja, mama mdogo alikuwa anapumua kwa shida. Binamu yangu hakuamka.

Sijawahi kulisimulia hili kwenye kurasa hizi. Wakati ule watu walisema mengi, hadi uchawi ukatajwa. Kilichomuua ni hewa inayoitwa kaboni monoksaidi, ambayo hutokea kitu kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha, kiwe mkaa, kuni, petroli au gesi. Haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma kidogo, usingizi mzito unakuja, na wewe unadhani ni uchovu.

Jiko la gesi la kupikia ndani ya kibanda kilichofungwa linaweza kufanya hivyo hivyo. Linakula hewa ile ile unayoivuta wewe, na moshi wake unabaki humo humo na wewe. Hita ya gari-nyumba imetengenezwa tofauti: moto wake uko ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa, unavuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kupitia bomba la ubavuni. Hewa ya ndani inapita juu ya chuma chenye joto tu, haikutani na moto. Ndiyo maana unaweza kulala hita ikiwaka, lakini huwezi kulala jiko likiwaka.

Nilimwambia yote hayo nikiwa nalia. Miaka kumi ya ndoa, na habari ya binamu yangu alikuwa hajawahi kuisikia kwa ukamilifu. Alijua tu kwamba "alifariki utotoni". Akaweka kiberiti mezani taratibu. Akasema, "Pole, Mama." Kisha akavaa viatu. "Ngoja niombe msaada."

"Sikiliza kwanza"

Alirudi na mzee wa gari la jirani, mstaafu mwenye kofia ya manyoya na tochi kubwa, anayezunguka Marekani na mkewe kwenye nyumba kama yetu. Nilitegemea atakuja na bisibisi. Hakuja nayo. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaniomba niwashe hita, halafu akanyoosha kidole: sikiliza kwanza.

Tukasikiliza. Feni inazunguka. Basi.

Akatueleza, nami nikampa mume wangu kwa Kiswahili mahali lafudhi ilipomshinda. Hita hii inafanya kazi kwa hatua, na kila hatua ina sauti yake. Ukiongeza joto kwenye thamostati, feni inaanza na kupuliza kwa sekunde kadhaa. Kama upepo wake unatosha, unasukuma kibati chembamba kilichomo ndani, kama upepo unavyosukuma tanga la dau. Wenyewe wanaiita swichi ya tanga. Kibati kikisogea, umeme unapita, na hapo ndipo vali ya gesi inafunguka na cheche zinapigwa: tak-tak-tak. Gesi ikishika unasikia "vuuu", na sensa inathibitisha kwamba moto upo. Moto usiposhika ndani ya sekunde chache, vali inajifunga. Hita nyingi zinajaribu kama mara tatu, kisha zinasusa mpaka uzime na kuwasha upya.

"Nyie mmesikia tak-tak-tak?" akauliza.

Hatukusikia.

"Basi gesi msiilaumu, haijafunguliwa bado. Tatizo liko kabla ya gesi. Upepo ni dhaifu. Swali ni kwa nini."

Akabonyeza kitufe kwenye kibao cha ukutani, zile taa ndogo zinazoonyesha hali ya betri. Imebaki moja, nyekundu. Betri ya volti 12 ikiwa imejaa husoma 12.6 hivi. Yetu ilikuwa imeshuka chini ya 12, na baridi nayo inapunguza nguvu ya betri. Feni ilikuwa inazunguka kwa uvivu, hamu haina. Mume wangu akaitazama televisheni, kisha akatazama chini.

Mimi nikaanza kutabasamu kishindi. Sikumaliza. Mzee akaangaza tochi chini ya kabati, akauliza kwa upole kabisa, "Na haya mabegi ni ya nani?"

Yalikuwa yangu. Matatu, yamejaa zawadi za ofisi nzima, na nilikuwa nimeyapanga vizuri mbele ya kidirisha cha vitundu karibu na sakafu. Kumbe hapo ndipo hita inapovutia hewa. Mimi nimeiziba pua, mwenzangu kainyima chakula, halafu wote wawili tunaishangaa kwa nini haifanyi kazi.

Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema swichi ile ya tanga si adui, iko pale kutulinda. Moto ukiwaka bila upepo wa kutosha, chuma kinapata joto kupita kiasi. Hita ilikuwa sahihi kukataa.

Barabarani saa tatu usiku

Tukaondoa mabegi, tukazima kila kitu. Jenereta hairuhusiwi saa hizo, kambi ina muda wake maalumu. Mzee akatushauri tuendeshe gari kama saa nzima: alternata ya injini itachaji na betri za nyumba, na sisi tutapata joto la hita ya mbele, ile ya kawaida ya gari.

Basi tukatoka, watu wawili ndani ya nyumba inayotembea, tukielekea mashariki kwenye barabara ya Desert View. Taratibu, kwa sababu ya barafu, na kwa sababu ya elki, wale kulungu wakubwa kama ng'ombe wanaovuka bila haraka. Hakuna taa ya barabarani hata moja. Hifadhi hii tangu 2019 imetambuliwa kimataifa kwa kutunza giza lake la usiku. Tukaegesha mahali pa kupumzikia, tukazima taa, injini tukaiacha inaunguruma. Nyota zilikuwa nyingi kiasi kwamba sikuweza kuonyesha hata moja kwa kidole. Mbele yetu bonde halionekani, ila unajua lipo, kwa sababu pale nyota zinapoishia hakuna kitu.

"Agosti waliniambia nirudi Dar," akasema ghafla. "Nikakataa."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. "Ulikataa nini?"

"Uhamisho. Kila nikipiga simu uko bize, unafunga gazeti, una kikao. Nikaona umeshazoea bila mimi. Nirudi nikuvurugie?"

Nilitaka kufoka. Miezi minne ananificha! Lakini ningefoka kwa haki gani? Katika miaka miwili sikuwahi hata siku moja kumwambia rudi nyumbani. Ofisini nilikuwa najisifu kwamba nimezoea, mwanamke wa kisasa, kitanda chote changu. Nilidhani yeye ndiye anayefurahia Mwanza yake, sato wake wa kuchoma na marafiki zake wa Jumamosi.

"Mimi nilikuwa nasubiri uniambie umechoka kukaa mbali," nikasema.

"Na mimi nilikuwa nasubiri uniite."

Hatukukumbatiana kama kwenye sinema. Nilikasirika, nikamwambia nimekasirika, akasema ni haki yangu. Tukazungumza hadi dirisha likafunga ukungu. Saa moja ilipita hatuna habari, na tulipogeuza gari tulikuwa bado tunaongea.

Tuliporudi kambini saa nne, mume wangu akaweka thamostati 68. Tukakaa sakafuni bega kwa bega, kimya, masikio chini ya kabati. Feni ikaanza, safari hii kwa nguvu. Moja, mbili, tatu... nikahesabu mpaka kumi na nane. Tak-tak-tak. Vuuu. Upepo wa moto ukatupiga magotini. Jamani, nimesikiliza muziki mwingi duniani, lakini ile sauti!

Nje palikuwa nyuzi tisa chini ya sifuri. Usiku kucha hita iliwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na kila ilipowaka niliamka kidogo nikahesabu. Alfajiri tukaenda kumpelekea mzee na mkewe kahawa ya Kilimanjaro tuliyokuwa tumembebea dada. Kisha tukaliona jua linachomoza juu ya bonde, miamba inawaka moja baada ya nyingine kutoka juu kwenda chini.

Mume wangu aliomba upya uhamisho. Safari hii alisubiri zamu, na akahamia Dar Julai 2024. Sikudanganyi, msomaji wangu, si kwamba sasa ni asali tupu. Anakoroma, anaacha taulo kitandani, na tivii ni ile ile. Ila siku mmoja wetu akinuna, mwenzake anamuuliza: "Betri au mabegi?" Mara nyingi ni vyote viwili.

Kabla hujalala ndani ya gari-nyumba

1. Uliza. Mwambie anayekukodisha aiwashe hita mbele yako, usikilize hatua zote mpaka moto ushike. Mrekodi kwa simu.

2. Hita ikigoma, washa jiko kidogo kupima kama gesi ipo, kisha lizime. Angalia thamostati, angalia betri, angalia kama kuna kitu kimeziba mahali pa kuvutia au kutolea hewa.

3. Feni inazunguka lakini husikii cheche? Fikiria betri na upepo kwanza. Unasikia cheche lakini moto haushiki? Fikiria vali ya tangi na gesi. Moto unawaka kisha unazima? Hilo mwachie fundi. Usifungue hita mwenyewe.

4. Tazama bomba la moshi kwa nje. Nyigu hupenda kujenga viota vya udongo humo, na theluji huweza kuliziba.

5. Propeni hugeuka mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani inakwama karibu na sifuri. Mitungi yetu ya nyumbani huwa na mchanganyiko wa hizo mbili, kwa hiyo usishangae mtungi ukizubaa kwenye baridi kali.

6. Ukinusa gesi, usiguse swichi wala kiberiti. Toeni watu wote nje, fungeni vali ya tangi. Propeni ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni.

7. Hakikisha kengele ya kaboni monoksaidi ipo na inalia ukiijaribu. Na popote ulipo, iwe Arizona au Njombe, usilale na jiko linalowaka, la mkaa wala la gesi. Ongeza blanketi. Lala karibu na mwenzio.